Mkono Majini Mpaka Amina

Mwanangu, ipo siku moja ya Februari ambayo naikumbuka kila mto wetu unapopungua. Jana ulipokuja kuniuliza kama unaweza kuwaleta wageni wako kuvua pale kwenye chemchemi, uso wangu uliwaka nikakujibu vibaya. Nisamehe. Sikukukasirikia wewe. Kaa basi nikueleze, na usinikatize, maana nikikatizwa nitapata mahali pa kutorokea.

Mwaka ule nilikuwa nimemwoa mama yako miezi michache tu. Babu yako, baba wa mama yako Kemunto, alikuwa mlinzi wa mto huu hapa chini ya milima ya Manga. Kulikuwa na chama kidogo cha watu wa mjini waliopenda kuvua kwa kujifurahisha. Walikuwa wamepanda trauti mtoni, samaki wale wa milimani wenye madoadoa, wakampa babu yako koti la kijani na kazi ya kuwatunza. Yeye ndiye aliyenifundisha kutengeneza nzi wa bandia. Unachukua manyoya ya shingo ya jogoo, unayafunga kwa uzi juu ya ndoana, mpaka samaki aamini ni mdudu ameanguka majini. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi kuliko vya mtu yeyote huku, na kwa bahati mbaya nilijua hivyo.

Samaki yule hapendi joto. Mvua ikiwepo na mto ukikimbia, ana nguvu za ajabu. Lakini kiangazi, maji yakishuka mpaka mawe yanatoa migongo, jua linayapasha, pumzi ndani yake inapungua, na samaki wote wanakwenda kujibanza pale chemchemi inapoingia mtoni, kwa kuwa ndipo penye baridi iliyobaki. Hapo hata mjinga atawapata. Ukimnasa mmoja atapigana mpaka aishiwe, na hata ukimrudisha majini kwa upole, ukamwona anapunga mkia, amekwenda kufa mbele.

Babu yako hakuwa na kipimo cha joto. Alikuwa na mkono wake na sala yake, Msabato kamili yule. Alfajiri alichutama, akatia mkono majini mpaka kwenye kifundo, akasema Baba Yetu pole pole. Mkono ukianza kuuma kwa baridi kabla ya Amina, wageni wavue, ila saa tatu jua likiingia bondeni waondoke. Akifika Amina na mkono umetulia tu, siku hiyo hakuna kuvua. Wageni walimcheka mwanzoni, kisha wakazoea.

Siku ninayokuambia, babu yako alikwenda Nyamira kwa mambo ya shamba, akaniachia mto. Alisema maji hayafai, mtu asivue mpaka mvua irudi. Nikamjibu nimesikia.

Karibu na adhuhuri wakafika wageni wawili kutoka Kericho. Mmoja alikuwa amechomeka kwenye kofia yake nzi niliyemtengeneza mimi, na akaniambia hajawahi kuona kazi safi namna hiyo. Basi nikavimba. Nilishuka mbele yao nikachutama kama nilivyomwona mzee akifanya, nikatia mkono. Nilisema Baba Yetu yote, mpaka Amina, na maji yalikuwa kama ya kuogesha mtoto mchanga. Nikasimama, nikajipangusa mkono kwenye suruali, nikawaambia maji ni baridi, twendeni.

Niliwapeleka palepale kwenye chemchemi. Walinasa samaki kumi na mmoja, na kila mmoja walimwinua juu, wakampiga picha, wakamrudisha. Nilikuwa nikiingia majini na viatu kuwanasulia mishipi, nikitibua tope, na wale samaki wengine wakakimbilia kwenye maji ya moto huko chini. Sikuliona hilo, mimi nilikuwa nasikiliza sifa. Walipoondoka wakanivika ile kofia.

Bado nilikuwa nimeivaa nilipoona tumbo jeupe la kwanza likielea. Kisha la pili. Kisha sikutaka kuangalia tena.

Sasa, unajua mambo ya chinsoni kwetu, hiyo heshima yenye haya kati ya wakwe, na kati ya mzazi na mtoto. Babu yako hakuwahi kukaribia mahali nilipo bila kukohoa mbali, ili kama sijavaa vizuri nijiweke sawa. Hata mimi na wewe hatukai tukaongea habari za mwili wa mtu mzima. Leo itabidi tuivunje kidogo.

Siku ile hakukohoa. Wachuma chai walikuwa wamemwambia njiani kwamba samaki wanakufa, na alikuja mbio, mtu wa umri ule. Aliangalia maji, hakuniangalia mimi. Akavua koti la kijani, akavua shati, akavua suruali, akabaki na kaptura ya ndani, mbele ya mkwe wake, mchana kweupe. Akaingia. Akamshika samaki mmoja kwa mikono miwili, akamwelekeza kichwa kule maji yanakotoka, ili yampite mashavuni apate kupumua. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, kama inavyopasa.

Akaniita. "Mkwe, geuka uje unisaidie. Aibu ya leo si ya nguo."

Niligeuka. Nikauona mwili wa mzee, mbavu na ngozi iliyolegea, ukitetemeka kwa uchovu, na nikajua mimi ndiye niliyemvua nguo. Tulishika samaki mpaka jua likakaribia kutua. Waliopona walikuwa watatu. Tukiwa bado ndani ya maji akaniuliza, bila kuinua macho, "Ulitia mkono?"

Nikasema nilitia.

"Ukasema Baba Yetu?"

"Nilisema."

"Mpaka Amina?"

"Mpaka Amina, baba."

Alitoka majini. Alivaa, akaenda zake.

Jumapili yake watu wa chama walikuja wakiwa na hasira. Babu yako aliwaambia mto ulikuwa wake, na kosa ni lake kwa kuuacha. Akakunja lile koti akawarudishia. Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake. Nilijiambia mkwe hasemi juu ya maneno ya baba mkwe wake, kwamba ni kumvunjia heshima. Hayo ndiyo niliyojiambia, mwanangu. Ukweli ni kwamba niliogopa, na heshima ikanipa mahali pazuri pa kujificha. Kofia ile niliifukia shambani, kana kwamba yenyewe ndiyo iliyosema uongo.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akilima migomba yake, bila mto. Kila alipokuja hapa alikohoa tangu kule njiani, akinipa heshima yangu kamili. Kikohozi kile kilinichoma kuliko matusi. Nilisema nitamwambia akija tena, na akija tena nikamkaribisha chai.

Siku chache baada ya kumzika, wewe ukiwa bado unatambaa, tulikuwa tukichuma chai na mama yako. Nikamweleza yote. Hakuacha kuchuma. Akasema, "Baba alikuwa ananiuliza kila mara kama kuna neno umeniambia. Nikisema hapana, anasema basi, bado." Akaenda mstari mwingine, akaniacha nimesimama na kikapu.

Alikuwa akiningoja, mwanangu. Miaka yote ile.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Mkono wako ukishakuambia kweli, usiufundishe uongo kwa sababu kuna mtu amekusifu. Na ukikosea, usijifiche nyuma ya adabu. Heshima ni ya kumlinda mwenzako, haikuwekwa ili ifunike woga wako. Kesho alfajiri shuka na wageni wako. Ukifika Amina na mkono haujauma, warudishe, wakununie wakitaka. Na siku ukiwadanganya, maana wewe ni damu yangu, njoo uniambie siku hiyo hiyo. Usiningojeshe.

Mungu akutangulie mtoni na nyumbani. Akupe vidole vyepesi kama vyangu, na moyo kama wa babu yako.