Ukuta Uliopoa

Mjomba wangu ni fundi cherehani, na kwa miaka kumi na minane daktari wa mgongo wake alikuwa ukuta. Upande wa pili kulikuwa na tanuri la rafiki yake, mwoka mikate. Kila asubuhi Mjomba aliburuta kiti, akaegemea matofali yenye joto, wakaanza kutukanana kupitia tundu la waya wa umeme.

"Kibogoyo, umeamka?"

"Nimeamka, kibyongo. Leta chai."

Mapenzi ya watu wazima hayo, usiyatafutie maana.

Mjomba pia alikuwa katibu wa chama mtaani, na mgombea wetu alikuwa na wimbo mmoja tu: soko huria, serikali ikae pembeni. Mimi nimesomea biashara, japo cheti sikukifikia, na sijaona mwalimu aliyeliamini soko kama Mjomba. Bango la kitambaa la mgombea alilishona yeye, herufi moja moja: SOKO LITAAMUA.

Kisha uchumi ukaanguka. Unga ukapanda bei mara mbili. Mwoka mikate akapita mlango kwa mlango na karatasi ya kuiomba serikali ishushe bei. Majirani kumi wakasaini. Kwa Mjomba alifika mwisho, akamnyooshea kalamu.

"Siwezi," Mjomba akasema, tena mbele ya wateja. "Biashara isiyojiweza iachwe ife. Soko litaamua."

Soko likaamua. Mwezi uliofuata tanuri lilizimwa, mwoka mikate akahamia kwa binti yake, ng'ambo ya mji. Hakuaga. Mjomba aliendelea kuburuta kiti na kuegemea ukuta, ingawa sasa ulikuwa baridi kama uso wa karani. Ukimuuliza, atakwambia anapumzisha mgongo.

Wiki tatu kabla ya uchaguzi, kijana wa kampeni akalirudisha bango.

"Mzee, fumua hizi, ushone SERIKALI ITALINDA. Mheshimiwa sasa atapanga bei ya unga, na waoka mikate watapewa ruzuku."

"Na soko?"

"Mzee wangu, watu wana njaa, na wenye njaa ndio wanaopiga kura."

Mjomba hakubishana. Alifumua herufi zote. Kesho yake akavaa shati lake la harusi, akaniambia nimsindikize.

Mwoka mikate tulimkuta uani, anamenya viazi. Mjomba akaiomba ile karatasi. Bado ilikuwepo, imekunjwa kabatini. Akasaini, jina la kumi na moja.

Mwenzake akaitazama ile saini.

"Umesaini kwa sababu umenielewa, au kwa sababu mgombea wako amekuruhusu?"

Mjomba ana jibu la kila kitu, kuanzia vifungo hadi katiba.

"Sijui," akasema.

"Haya. Kwaheri, bwana."

Bwana! Hata tusi moja la kumsindikiza hakumpa.

Kijana wa kampeni alipofuata bango, alikuta kitambaa kitupu.

"Maneno yako wapi, mzee?"

"Shoneni wenyewe. Mimi nimechoka kuwasemea."

Juzi niliwahi dukani. Mjomba alikuwa kwenye kiti chake, mgongo ukutani, shingo ameipinda kuelekea lile tundu la waya.

"Kibogoyo," alikuwa anasema polepole, "nilikukosea mimi. Si mgombea. Mimi."

Akatikisa kichwa, akaanza upya maneno yale yale kwa sauti nyingine. Nikarudi nje, nikakohoa sana kabla ya kuingia.