Siku Niliyowajengea Paka Aqal

Anzeni kucheka mapema, nawaruhusu, maana Garissa nzima ilishanicheka na sikufa. Mimi Yusuf, mtu mzima na ndevu zangu, nilielekezewa bunduki kwa sababu ya paka, mbele ya wanawake wapatao arobaini na mbele ya mzee ambaye nilikuwa nimemposa binti yake, na kosa lote lilikuwa langu, kwa sababu asubuhi ya siku ile niliona haya kutamka neno moja tu.

Ilikuwa miaka ile ya vita vya shifta, wale waasi wa porini, nanyi mnaikumbuka: kutoka mjini ni kibali, kurudi ni kibali, watu watano wakisimama pamoja askari anakuja kuuliza kuna nini. Nilikuwa natunza godauni la ngozi (ndiyo, nilinuka, msinikumbushe), na panya walikuwa wanazitafuna ngozi za tajiri wangu, ndipo nikafuga paka wawili, jike nikamwita Lul, na dume nikampa jina la Warsame, jina la mtu kabisa, kwa kuwa alikuwa na uso wa mzee wa kikao. Usiku walifanya kazi godauni, mchana walitaka jua. Sasa kambi ya jeshi ilikuwa na mbwa wawili wakubwa waliokuwa wakiachiwa ovyo mchana, na mbwa hao walimrarua mama wa paka wangu mlangoni pangu nikiona kwa macho. Nililia. Basi nikaapa kuwajengea hao wawili waliobaki boma uani, wapate hewa na jua bila jino la mbwa kuwafikia, nikapata wavu wa waya wa kufugia kuku, nikawa nimebakiza miti tu.

Na kabla sijaendelea jueni hili, maana ndilo lililokuwa linanikosesha usingizi: wazee wangu walikuwa wamekwenda kwa Mzee Hirsi, dalali wa ng'ombe, kumposa binti yake Ubah, na jibu lilikuwa litolewe Ijumaa baada ya swala. Ubah huyo akipita barabarani mimi nilikuwa nasahau nimeshika nini mkononi. Siku ninayowasimulia ilikuwa Alhamisi.

Kwenda kukata miti nje ya mji kulitaka kibali, nami sikuwa na subira, nikakimbilia mtaa wa Galbet kwa Ayeeyo Dahabo, bibi kizee aliyekuwa rafiki wa marehemu mama yangu, kwa sababu nilijua anayo miti ya aqal. Wageni wenu wasiojua muwaambie: aqal ni ile nyumba yetu ya mviringo, ya miti iliyokunjwa na kufunikwa mikeka, na kwetu hujengwa na wanawake, mwanamume haigusi. Tena aqal mpya ikisimama mahali maana yake ni kuna bibi harusi, na mama yake na jamaa zake ndio wanaomjengea. Haya nilikuwa nayajua tangu nikinyonya! Lakini siku ile kichwani mwangu mlikuwa na paka peke yao, na miti ile iliyokunjwa tayari niliiona imefaa kupita kiasi.

"Ya nini?" Ayeeyo akaniuliza.

"Ya nyumba ya paka."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Wallahi Yusuf, paka? Marehemu mama yako angekuona! Chukua, mjukuu wangu, chukua na ngamia wa kubebea. Lakini ngamia wangu hapiti sokoni uchi na miti hiyo, ndiyo aliyoolewa nayo binti yangu." Akamfunga ngamia mashada mekundu na kengele ya mti shingoni, nami kile kicheko chake kikanichoma, nikaamua pale pale kwamba mtu mwingine akiniuliza simwambii kitu.

Basi saa nne asubuhi, soko limejaa, mimi kapera naongoza ngamia aliyepambwa, mgongoni miti ya aqal imepinda juu inaonekana toka mbali, kengele inagonga ko, ko, ko. Mchinjaji akaacha kisu. "Warya Yusuf! Hongera!" Na mwingine, "Hongera!" Na wauza maziwa wakapiga vigelegele. Mnadhani nilishtuka? Moyo uliruka kwa furaha! Nilijiambia Mzee Hirsi amekubali na habari imevuja kabla ya Ijumaa, soko zima linajua isipokuwa mimi. Nikaweka mkono kifuani, nikajibu, "Amin, amin, Mungu awape kheri," huku natabasamu mpaka mashavu yanauma. Mchinjaji akauliza tena aqal naipeleka wapi, nikamwambia uani kwangu, wapi tena? (Hapo ningesema paka, yote yangeishia hapo.)

Nilipofika uani nikaanza kujenga. Mti wa kwanza ukanipiga kidevu, wa pili ukanipiga kisogo, nikiinamisha huu ule unachomoka, na Warsame yuko juu ya ukuta ananitazama kwa dharau. Mara mlango ukafunguka, wakaingia wanawake, wakaingia tu, na mikeka na kamba na vibuyu vya maziwa, mbele yao Hooyo Asha muuza maziwa, mwanamke wa sauti.

"Mwanamume anajenga aqal!" akapiga kelele. "Toka hapo kabla hujatutia mkosi! Hirsi amempa binti mtu asiyejua hata kukunja mti!"

Mnasikia? Hirsi amempa binti! Kwangu huo ulikuwa uthibitisho, na kumbe kwao uthibitisho ulikuwa mimi na ngamia wangu. Nikawapisha. Wakachimba, wakafunga, wakaimba, fremu ikasimama upesi ajabu, wavu wangu wa kuku wakautupa pembeni, na paka walipoona watu wengi hivyo wakatoroka wakajificha kwenye ngozi. Nami nilikuwa nagawa maziwa kama bwana harusi, nacheka na kila mtu.

Aliyeingia baadaye alikuwa Mzee Hirsi mwenyewe. Sokoni watu watatu walikuwa wamempa mkono wa hongera kabla hajaelewa. Nyimbo zikakatika.

"Yusuf," akasema polepole, "mimi nimekujibu?"

Nikaweka chini kibuyu cha maziwa.

"Nimekaa na mama yake Ubah usiku wa jana, tukasema Ijumaa tutamwita kijana. Leo naambiwa sokoni kwamba nimeshaozesha. Mke wangu ndiye wa kumjengea binti yake, na wewe umemtangulia, umemfanya kama hayupo. Unanichukulia mwanangu kwa kelele?"

Niliona Ubah ananitoka hivi hivi, kama maji mkononi, na papo hapo lango likasukumwa, wakaingia askari sita wenye bunduki na afande wao, mtu wa bara, jasho linamtiririka.

"Mkutano wa nini huu? Nani ametoa ruhusa?"

Hooyo Asha akajitokeza na Kiswahili chake. "Afande, hapa hakuna fita! Hii harusi!"

"Harusi ya nani?"

Wote wakanionyesha mimi. Afande akamgeukia Mzee Hirsi, na mzee hakuwa mtu wa kusema uongo. "Mimi sina harusi. Mimi sijatoa binti."

"Aha! Kama hakuna harusi, nyumba hii ya nani? Nani anakuja kujificha humu?"

Wanawake arobaini, askari sita, Mzee Hirsi na fimbo yake, wote wananitazama. Nikasema chini chini, "Ya paka."

"Sema kwa nguvu!"

"Ya paka, afande! Paka wangu! Wako wawili, wako mle godauni!"

"Waite."

Hapo sasa, kwa woga, nikafanya upuuzi wa mwisho: nikaugeukia mlango wa godauni nikaita kwa sauti yote, "Warsame! Toka nje!" Bunduki zote zikainuka, nyingine godauni, nyingine kifuani kwangu. Wanawake wakalala chini. Mimi nikainua mikono na kusoma shahada. Kitambo kikapita, ngozi zikachakacha, akatoka Warsame, taratibu, akajinyoosha mbele ya mitutu, akapiga mwayo.

Aliyecheka kwanza ni afande. Alicheka mpaka akavua kofia, akaniuliza kwa nini paka wajengewe nyumba, nikamweleza habari ya wale mbwa, akaacha kucheka. Aliagiza mbwa wafungwe mchana, na akawaambia wanawake wamalize kazi waondoke. Basi wakamaliza, huku wanafuta machozi ya kicheko: wavu juu ya fremu, ukingo wake ukafukiwa ardhini mbwa asichimbe, miiba ya mgunga kuzunguka nje, mkeka mmoja juu uwe kivuli. Boma zuri mno! Lul aliingia mwenyewe.

Mzee Hirsi hakucheka. "Kesho usitume wazee," akasema, akaondoka.

Miezi minane, jamani. Katika miezi hiyo mfanyabiashara wa Wajir alimposa Ubah, mimi nikakonda hata tajiri wangu akadhani naumwa kifua, na kila nikipita sokoni mchinjaji anatoa sauti ya paka. Nilikwenda kwa mama yake Ubah kuomba radhi, nikarudi tena, na tena, mpaka mzee akalainika na mtu wa Wajir akajibiwa hapana. Aqal yetu alijenga mama yake, mimi sikuigusa.

Tulipokuwa wawili nilimuuliza Ubah kwa nini alinikubali baada ya fedheha ile. Akasema, "Kwa sababu ulisema ukweli mbele ya bunduki." Nikafurahi, nikataka kumshika mkono, akauvuta. "Lakini Yusuf, ulingoja mpaka bunduki ije."

Tangu siku hiyo nikipita sokoni na kitu chochote, hata mkeka mmoja, natangaza mwenyewe ni wa nini kabla mtu hajafungua mdomo.