Picha ya Mama Naja

"Naja!" Ndivyo wifi yangu, fundi cherehani, anavyowajibu wateja akiwa chooni nyuma ya kibanda chake. Mtaa mzima ukamwita Mama Naja. Mteja anasubiri suruali, mwenyewe huko ndani anasukuma mpaka jasho linamtoka, na bado anatoka hajamaliza haja. Dawa za kulainisha kameza, maji kanywa, mapapai kala. Wapi! Na kaka yangu, mumewe, anamcheka mbele za watu: "Mke wangu ana nyumba mbili, hii na choo. Anadeka tu huyo." Damu ilikuwa inanichemka.

Daktari akasema apigwe picha akijisaidia. Yaani anawekwa dawa nyeupe nzito kwa nyuma, anakaa kwenye kiti chenye tundu kando ya mashine ya eksirei, kisha anaitoa, na mashine inaonyesha huko ndani kunakwendaje.

"Nijisaidie mbele za watu, wifi?"

"Watu gani? Mpiga picha mmoja, tena mwanamke, yuko nyuma ya kioo. Na mimi. Mimi nami ni mtu?"

Siku yenyewe, huko nyuma ya kioo na mpiga picha, sikutulia. Mara nimekaa, mara nimesimama, mara nachungulia kiooni. Mpiga picha anasema taratibu kwenye kipaza sauti, "Haya mama, sukuma." Dawa haitoki. "Usione haya, mama." Wifi kajibana, macho kayafumba.

"Asipoitoa," mpiga picha akaninong'oneza, "sitaona kitu. Nitaandika hakuna kilichoonekana."

Mungu wangu! Turudi nyumbani na jibu hilo? Kaka angepata la kusema mpaka kaburini, na huyu mwanamke asingeaminiwa tena na mtu. Nikakinyakua kipaza sauti.

"We Mama Naja! Mteja kafuata suruali yake!"

"Najaaa!"

Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea. Akafumbua macho, akajisikia alivyosema, akaangua kicheko. Mabega yakamtikisika, mwili ukalegea, na dawa ikaanza kutoka.

"Hapo hapo! Sukuma, mama, usiache!" Mpiga picha naye sasa anapiga kelele.

Baadaye akatuonyesha. Ukuta wa ndani wa njia ya haja kubwa ulikuwa umelegea, umefanya mfuko kwa mbele, na dawa nyingi imebaki humo. "Akisukuma, choo kinaingia hapa badala ya kutoka. Ugonjwa huu unatibika."

Wifi hata hakuuliza matibabu. "Kwa hiyo ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

Akalia, nami nikalia naye.

Jioni kaka akaketi mezani, akamega tonge. "Haya, mwenye nyumba mbili karudi?"

Wifi akaitoa picha kwenye bahasha, akaiegemeza kwenye jagi la maji, mbele ya sahani ya kaka. Akamwonyesha ule mfuko kwa kidole, akamweleza kama alivyoelezwa. Kaka akaacha kutafuna.

"Haya," wifi akasema, "cheka."