Jenerali Alianguka Tukiwa Guangzhou

Mwezi uliopita nilikwenda Guangzhou, kule China, kununua viatu vya duka langu, nikazunguka makusudi nyuma ya barabara ya Zhanxi kutafuta jengo tulilokaa nikiwa mtoto. Halipo. Pamesimama soko lenye kuta za vioo, limejaa malapa ya plastiki mpaka ghorofa ya juu. Wachukuzi walinipigia kelele niwapishe na mikokoteni yao. Nilidhani nitalia, rafiki yangu. Badala yake nilipandwa na hasira.

Mwishoni mwa miaka ya tisini Waafrika mle mjini walikuwa wa kuhesabika. Mjomba wangu alikuwa amekuja kusoma, akakijua Kichina, akabaki kuwa mkalimani wa wafanyabiashara waliotoka Dar, Mombasa na kwetu. Ndiye aliyetutoa nyumbani, mimi, mama na bibi mzaa baba, baada ya baba kuchukuliwa na askari. Kwetu ni mji wa migodi, katika nchi iliyotawaliwa na mwanajeshi mmoja tangu mama yangu akiwa mtoto. Jina lake sitaliandika. Liliimbwa vya kutosha. Tulimwita Jenerali, kama kila mtu.

Chumbani kwetu mama aliwapikia wafanyabiashara chakula cha mchana. Kisamvu hakikupatikana, kwa hiyo bibi alitwanga majani ya viazi vitamu kutoka sokoni, akayaunga kwa karanga. Kinu kilipoanza tu, jirani wa chini, mama mmoja Mchina, msemaji wa Kikantoni, aligonga dari kwa mpini wa ufagio. Waligombana hivyo, juu na chini, mpaka misufi ya mtaani ilipotoa yale maua yake mekundu. Jirani aliyaokota ayakaushe ya kupikia supu, bibi akainama kumsaidia. Tangu siku hiyo walikaa ngazini kila asubuhi, huyu na Kikantoni chake, huyu na Kiswahili chake, wakicheka. Mimi nilimenya vitunguu. Kuta zilitoka jasho kwa unyevunyevu wa masika ya kule, na nguo zetu hazikukauka hata tuzianike wapi. Nilikuwa na furaha pale. Hilo nalo nataka ulijue.

Sasa nikwambie habari za baba. Alikuwa mwalimu. Kila siku ya kuzaliwa kwa Jenerali, shule zote za mji zilipelekwa kiwanja cha mpira kumchezea ngoma, hata kama mwenyewe hakuwepo. Mwaka mmoja watoto walisimamishwa juani tangu asubuhi bila maji, mmoja akazimia. Baba akalichukua darasa lake akalirudisha shuleni. Kesho yake askari walimfuata mbele ya ubao. Bibi alikwenda kila siku kwenye lango la kambi na chakula chake. Walikipokea, wakamrudishia sahani tupu na kumwambia mwanao hajambo, amekula vizuri. Wiki kwa wiki walikula wao, wanaharamu wale.

Mwaka uliofuata nilicheza na mimi. Palikuwa na jukwaa jipya la saruji, nasi wadogo tulipandishwa juu yake tukiwa na riboni vichwani. Kanali, mkuu wa kambi, alishika kipaza sauti akatuhimiza, “Changamkeni, mabinti, changamkeni!” Baadaye tulipewa soda.

Habari za kuanguka kwa Jenerali tulizipata mchana, wateja wakiwa wamezunguka redio. Waasi walikuwa wameingia mji mkuu. Yeye alikuwa ameshapanda ndege na familia yake. Watu walirukaruka mpaka jirani akapanda mbio akidhani nyumba inaungua, akapewa sahani ya wali. Mama alilia kwa furaha. Bibi peke yake hakuinuka kitini.

“Ameanguka yeye,” alisema. “Mwanangu yuko wapi?”

Haukupita muda mrefu, msimu wa matunda ya laichi, mjomba alituletea mteja mpya. Mtu mnene, mpole, saa ya dhahabu, anataka makontena ya viatu na vitambaa. Mjomba aliondoka kwetu zamani, hakumjua. Mama alikuwa sokoni. Mimi nilimtazama yule mgeni, nikahisi kama nimewahi kumwona, lakini hakuwa na magwanda. Nilipochelewa na maji ya kunawa akaniambia kwa utani, “Changamka, binti.”

Mchi ulisimama. Bibi alifuta mikono kwenye kanga, akaja mpaka mezani.

“Wewe ndiye Kanali.”

Yule mtu alimtazama, akatabasamu. “Hayo yamepita, mama. Sasa mimi ni mfanyabiashara tu.”

“Mwalimu aliyewarudisha watoto shuleni ni mwanangu. Mlimweka wapi?”

“Mama, zile zilikuwa amri.”

“Sikukuuliza nani aliamuru. Nimekuuliza wapi.”

Wateja waliacha kula. Mjomba akanong’ona, “Mama, nakuomba, huyu ni mgeni wangu.” Bibi hakugeuka. Alivuta kiti, akakaa uso kwa uso na yule mtu, magoti yakigusana, akamngoja. Kanali alijaribu kutabasamu tena, ikamshinda. Akalisema jambo lenyewe akiitazama sahani yake, kama mtu anayetaja bei.

“Kiwanjani. Kabla hatujamwaga saruji ya jukwaa.”

Bibi alinigeukia mimi. Alinivuta akanikumbatia kichwa kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi, na hapo ndipo nilipoelewa nilicheza juu ya nini.

Kanali alinawa mikono akaondoka. Wateja walimpisha njia kwa heshima. Hakuna aliyemgusa, hakuna hata aliyemtukana, na kesho yake mjomba akampeleka kwa wauzaji wa soko la Liuhua, akimtafsiria bei. “Tutakula nini?” mjomba alimwuliza mama. Mama akamfungia mlango.

Bibi alirudi nyumbani mwaka uleule. Alikwenda kiwanjani akakuta watoto wamepangwa juani wakifanya mazoezi. Mtawala mpya alikuwa anakuja, naye ana magwanda yake na wimbo wake. Bibi aliomba jukwaa livunjwe, akaambiwa angoje sherehe ipite. Baada ya sherehe ikaja nyingine. Aliomba mpaka wakamkataza kukaribia lango la kiwanja, na akafa bila kumzika mwanawe.

Leo hapo Zhanxi hakuna anayejua tulikaa wapi. Jirani nilimwulizia, hakuna aliyemkumbuka. Mama akisikia habari hizi huondoka chumbani. Kanali, nasikia, alizeeka vizuri, akazikwa kwa heshima, na watu wakatoa hotuba. Mjomba hunipigia simu sikukuu na kunilaumu kwamba nimekuwa mtu wa kinyongo, Jenerali amekwisha zamani, nisamehe nipumzike.

Ndiyo, ninacho kinyongo. Nakilea makusudi. Saruji ile haina jina juu yake, na siku nitakayosahau mimi, hatabaki mtu duniani wa kumwambia mtoto anayecheza pale ashuke, kuna mwalimu amelala chini.