"Toa mapato yaliyosamehewa": maneno matatu yaliyoniumbua hapa Dubai

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza. Mkifika mwisho mtakubali kwamba hakuna mtu mzima wa kujizulia aibu ya namna hii.

Ijumaa moja Bi Salama alisukuma karatasi mezani, katikati ya sahani yangu ya mihogo na kikombe cha chai, akaniuliza, "Bwana Shomari, hii waijua?"

Jibu sahihi lilikuwa neno moja tu. Siijui.

Mimi nikavaa miwani, nikakohoa kidogo kama hakimu, nikasema, "Hii? Hii ndogo. Niachie."

Hapo ndipo nilipopaswa kukataa, wakuu. Yote yaliyofuata yametoka kwenye hiyo "niachie".

Niwaeleze kwanza mimi ni nani. Nina miaka sitini na tatu, elimu yangu kidato cha nne, kazi yangu ulinzi kwenye jengo moja la makazi huku JVC, mtaa mmoja wa Dubai. Mke wangu alifariki zamani. Bi Salama ni mjane wa Unguja, anasimamia jiko la mkahawa mdogo kule Deira, upande wa pili wa mji. Kila Ijumaa, siku yangu ya off, nilipanda basi, nikaunga na metro, mpaka kwenye meza yake. Watu walidhani nafuata mihogo.

Na haikuwa siri. Nilikuwa nimeshaandika barua ya posa kwa mkono wangu, kwenda kwa kaka yake huko Unguja, Mwalimu Khatibu. Yeye ndiye walii wake, bila yeye hakuna ndoa. Barua ilifika, akasema anaitafakari. Bi Salama mwenyewe alikuwa ameshanigusia, "Kaka akisema ndiyo, mie sina neno."

Kwa hiyo nilikuwa kwenye kipindi cha matazamio, kama mfanyakazi mpya. Mwanamume aliye kwenye matazamio hasemi "siijui".

Sasa hiyo karatasi. Ilikuwa ritani ya kodi ya mapato ya kule nyumbani. Bi Salama ana nyumba anayopangisha, halafu kuna mafao ya marehemu mumewe yaliyoingia benki. Watu wa kodi walikuwa wameshamwandikia kwamba yale mafao, kwa upande wake, yamesamehewa kodi. Kilichobaki ni kujaza fomu tu.

Huku Dubai mshahara wetu haukatwi kodi, wengi tumeshasahau hata fomu zenyewe zinafananaje. Ingekuwa ya Kiingereza ningeshtuka, ningetafuta mtu. Kilichoniponza ni kwamba ilikuwa ya Kiswahili safi kabisa. Mtanzania gani anaomba msaada wa Kiswahili?

Mstari wa tisa uliandikwa hivi: "Toa mapato yaliyosamehewa."

Na chini yake, mstari wa kumi, neno moja: "Baki."

Nikasoma nikiwa lindo, mezani pangu pale reception. Nikasoma tena. Maana ikanijia kama imeshushwa. Serikali imesamehe. Aliyesamehewa sharti kwanza awe ameomba msamaha. Akishaomba, anatoa chochote cha shukrani. Akishatoa, anabaki, yaani anatulia hapohapo alipo, asubiri majibu.

Mlinzi mwenzangu Opio, Mganda, alikuwa anachungulia begani kwangu.

"Mzee, hii 'toa' si iko minus?"

"Opio, Kiswahili mimi nimezaliwa nacho. Wewe umekiokota wapi?"

"Mimi nasoma tu, Mzee. Juu wameandika 'jumlisha'. Chini 'toa'. Chini tena 'baki'. Hii iko hesabu."

"Yalla, nenda gate ya nyuma. Mganda hatanifundisha Kiswahili."

Akaenda anacheka. Naomba niweke wazi kwamba darasa la pili nilifundishwa kwa vizibo vya soda: kumi toa tatu, baki saba. Na nilipata kumi kwa kumi. Yaani jambo hili nililijua nikiwa na miaka minane, nikalisahau nilipotaka kuoa.

Basi nikaandika barua ya kuomba msamaha kwa niaba ya Bi Salama. Sikuiharakisha, niliipa shift mbili. Bado naikumbuka:

"Mimi Salama, mja dhaifu, nikiwa nimepiga magoti, naomba mnisamehe mapato yangu yote, ya siri na ya dhahiri, mnayoyajua na msiyoyajua, niliyoyapata kwa kukusudia na kwa kughafilika. Pokeeni hiki kidogo kilichomo humu, kwa ajili yenu ninyi mtakaofungua bahasha hii."

Nilijiona nimeandika kitu cha kusomwa msikitini.

Ijumaa iliyofuata nikampelekea. Alikuwa na wateja, miwani ameiacha nyumbani. Akauliza swali moja tu, na lilikuwa swali la akili kuliko yote niliyofikiri mimi juma zima.

"Hebu nambie, Bwana Shomari. Wamenisamehe, kisha nitoe tena?"

"Ndiyo utaratibu. Mafao yenyewe yako benki kule, wewe tanguliza dirham kidogo za hapa, kuonyesha nia njema."

"Una hakika?"

"Bi Salama, mimi nimesoma."

Akatia sahihi. Akaweka dirham alizokuwa anadunduliza ndani ya bahasha, nikaingiza na fomu. Mstari wa tisa nilikuwa nimeandika "tazama bahasha". Mstari wa kumi, pale penye "Baki", nikaandika "Nimebaki Dubai."

Msicheke kwanza, bado.

Bahasha nikaifunga kwa gundi, nikazungushia selotepu, juu nikaandika ASIFUNGUE MTU ILA OFISA. Mama mmoja aliyekuwa anarudi Unguja akaibeba, akamkabidhi Mwalimu Khatibu aipeleke ofisi ya kodi.

Mwalimu Khatibu ni mtu wa kunyooka. Amestaafu ualimu wa shule ya msingi. Somo alilofundisha maisha yake yote, wakuu, ni hesabu.

Akavaa kanzu yake nzuri, akaingia ofisini kifua mbele, akamkabidhi ofisa bahasha mbele ya watu waliojaa kwenye foleni. Ofisa akakata selotepu. Dirham zikamwagika mezani. Kisha akasoma barua kwa sauti, pamoja na "kwa ajili yenu ninyi mtakaofungua bahasha hii".

Pesa za kigeni, bahasha iliyogandishwa kwa gundi, mapato ya siri, na "pokeeni hiki kidogo". Mngekuwa ninyi mngeelewaje?

Mzee wa watu akawekwa chumba cha pembeni tangu asubuhi hadi alasiri, anaulizwa ametumwa na nani kuja kuhonga, na hayo mapato wasiyoyajua ni yapi. Kila akisema hajui kilichomo, wanamwonyesha maandishi: asifungue mtu ila ofisa. Waliokuwa kwenye foleni wengine aliwafundisha mwenyewe.

Aliyemwokoa ni mkuu wa pale, mama mtu mzima, aliyeomba kuiona fomu. Alipofika "Nimebaki Dubai" alicheka mpaka akatafuta leso. Akachukua kalamu, akaandika mapato yote, akatoa mafao, akapata baki. Dirham zikarudishwa zote. Kodi ikawa ndogo tu ya ile nyumba, kama ambavyo ingekuwa tangu mwanzo.

Mwalimu Khatibu akarudi nyumbani, akafungua mtoto wa meza, akatoa barua yangu ya posa. Akaiweka kando ya ile ya msamaha. Mimi herufi "g" yangu ina mkia mrefu unaopinda kama ndoano. Haifichiki.

Simu ya Bi Salama ilinikuta lindo, namsaidia madam wa ghorofa ya tatu kubeba maboksi.

"Bwana Shomari, umekaa?"

"Nimesimama."

"Basi kaa."

Akanieleza yote niliyowaeleza. Nikaacha maboksi sakafuni, madam ananitazama.

"Kaka amezisoma barua zako zote mbili," akasema. "Ati anauliza, huyu mtu wa magoti ndiye anayetaka kuwa shemeji yangu?"

"Bi Salama, kosa ni langu peke yangu. Sikujua, na niliona haya kusema sijui. Nisamehe."

Akacheka. Wakuu, kile kicheko kilinipa matumaini.

"Nimekusamehe. Wallahi nimekusamehe, wala sina kinyongo."

"Alhamdulillahi."

"Sasa, kilichosamehewa hufanywaje? Si umeshajua?"

Nikaketi juu ya boksi moja la madam.

"Hutolewa," akasema. "Basi nimekutoa, Bwana Shomari. Wewe baki."

Akakata simu.

Opio nilimwomba radhi siku hiyohiyo. Akasema, "Hakuna shida, Mzee. Kiswahili ni yenu, sisi tunaazima tu." Tangu siku hiyo akinipokea lindo hasemi "nenda nyumbani". Anasema "Mzee, toa." Na mimi, kwa kuwa nilistahili, najibu "baki".

Bi Salama ameshaolewa. Mume wake ni dereva wa ofisi moja ya cargo palepale Deira, shule aliishia darasa la nne. Nimeambiwa akiulizwa asilolijua husema, "Mie sijui hilo, twende tukaulize." Nimejaribu kumchukia huyo bwana, nimeshindwa.

Nilichojifunza ni kidogo. Fomu ya kodi isome yote, juu mpaka chini, maana mistari inasaidiana. Ukiona "toa", angalia kama juu yake kuna "jumlisha". Ofisi zina simu na watu wa kujibu, uliza. Na kama mwanamke anakuuliza "una hakika?", basi huna hakika.

Wenye uzoefu wa ritani mkiwa nje ya nchi, karibuni mchangie, na anayejua vizuri anirekebishe. Wenye kucheka nao wacheke, nimeshazoea.

Kusema "siijui" kungenigharimu aibu ya dakika moja. Kusema "niachie" kumenigharimu mke.