Rangi za Juu ya Mlango

Nimefungua mkebe wa wax nipake sakafu, na harufu yake imenirudisha mbio hadi jumba moja la mawe pale Nakuru mjini, ambako mama alikuwa anafanya usafi.

Sakafu ya ukumbi wa jumba hilo ilikuwa ya mbao, na juu ya mlango kulikuwa na kioo cha rangi kilichokatwa kama nusu ya chungwa. Asubuhi jua lilipokipiga, rangi zilianguka sakafuni. Kama mbao zimeng'aa sawasawa, rangi hizo ziliruka hadi kwenye dari. Hivyo ndivyo mama alivyopima kazi yake, na mwenye jumba pia.

Siku hiyo mwenye jumba alikuwa anakuja na wageni. Nilikaa juu ya blanketi ya zamani, dada yangu akanivuta mbio huku na huku ili uzito wangu ung'arishe mbao. Nilicheka mpaka pumzi ikaniishia. Lakini dari ilibaki nyeupe.

“Mama, jua linaenda,” dada akasema.

Mama akaniangalia. “Wewe ni mwepesi sana. Toka hapo.”

Mama alikuwa mtu wa kanisa, mnene, asiyecheza na mtu. Akavua viatu, akakaza kitambaa cha kichwa, akakaa kwenye blanketi.

“Nivuteni.”

Tulivuta mpaka mikono ikauma. Mara ya tatu, dari ikawaka nyekundu na buluu, na huko nje mlango wa gari ukafungwa.

“Ameshafika,” dada akanong'ona.

“Angoje,” mama akasema, ameshikilia blanketi kwa mikono miwili. “Mara moja tena.”