Kilima cha Kanisa, Uso Mbele

Kilima cha kanisa letu ni kikali. Mbuzi wakikipanda hupumzika mara mbili, na ukungu wa asubuhi hufika katikati ukakata tamaa. Gari langu lilikuwa likikipanda kinyumenyume.

Si utani. Ni gari lililozeeka kuliko marehemu babu yangu. Lina gia mbili za mbele na moja ya nyuma, na hiyo ya nyuma ndiyo yenye nguvu. Basi ukifika chini ya kilima unaligeuza, unaangalia juu ya bega, unapanda kwa rivasi. Meneja wa shamba la chai alilitumia mpaka akalichoka, likatupwa kwenye karakana ya shamba. Humo mimi nilianza kazi kwa kufagia na nikamaliza nikiwa fundi mwenye cheti cha masomo ya usiku. Siku ya kustaafu niliomba nipewe hilo gari. Walicheka, kisha wakanipa.

Mama mkwe wangu alichuma majani kwenye shamba hilohilo. Magoti yake sasa yamekataa, na tangu mvua ndefu zianze hakuwa amekanyaga kanisani. Bodaboda hataki kuzisikia. "Nimkumbatie kijana mgongoni, na umri huu?" Majirani walijitolea kumbeba kwa magari yao, akawashukuru, akawapa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu, akabaki nyumbani.

Nikamwambia gari langu lipo.

"Hilo nitapanda," akasema. "Nikiwa msichana lilikuwa linakwama kwa matope, tunaambiwa tuweke vikapu chini tulisukume. Sasa linibebe na mimi. Lakini uso mbele."

"Mama, kile kilima linakipanda kwa rivasi tu."

"Mimi nimekipanda miaka yote na mzigo mgongoni, na sijawahi kutanguliza matako. Sitaanza leo, tena mbele ya kwaya."

Mwanamke aliyenipa binti yake nikiwa sijui hata kuandika jina langu amesema uso mbele. Itakuwa uso mbele.

Dawa niliijua. Zamani kulikuwa na ekseli ya nyuma yenye gia mbili ndani yake: moja ya mbio, moja ya nguvu. Ukiifunga, kila gia ya gari inakuwa gia mbili. Nilizunguka nikiitafuta kuanzia Chepseon mpaka Bomet, nikapekua vyuma chakavu mpaka kuku wa huko wakanizoea. Niliipata Mulot, mahali ambapo hungeitafuta: chini ya mkokoteni wa punda, ikibeba magunia ya ngano.

"Mzee," nikamwambia mwenye mkokoteni, "punda wako anavuta gia mbili."

Akamtazama punda. "Na bado ni mvivu hivi?"

Tulibadilishana. Nilimpa ekseli ya pikapu, nyepesi kuliko yake, na punda nadhani ananiombea hadi leo. Kabla ya kuifungua ile yangu kutoka kwenye mkokoteni nilichukua brashi nikaandika kwa rangi nyeupe upande ulioangalia juu: JUU. Mtu aliyejifunza kuandika akiwa na mvi huandika kila kitu. Kwangu hata ndoo imeandikwa NDOO.

Jirani yangu, mchomeleaji aliyehamia hapa kutoka Kisii, alikuja kunisaidia. Tuliiosha, tukaona meno yake ni mazima kuliko yangu. Vikalio vya springi, vile vipande vya chuma ambavyo springi hukalia, vilikuwa vimeshachomelewa tangu kwenye mkokoteni, vikakaa sawasawa na gari, upande ule wa JUU ukiwa juu. Kitu kimoja tu kilimsumbua.

"Mbona tundu la kujazia oili liko chini?"

"Watu wa zamani walikuwa na akili zao," nikamjibu. "Imeandikwa juu, iko juu."

"Imeandikwa na nani?"

Nikamnyooshea kopo la oili. Tulijaza oili kabla ya kuifunga, tukakaza kifuniko, nikaingia kwenye gari mbele ya nusu ya kijiji. Nikaweka gia ya mbele.

Gari likarudi nyuma. Lilipita kwenye nyasi za nepia, likapita kwenye kamba ya nguo, likasimama likiwa limevaa shuka la mke wangu. Nikaweka rivasi ili nilirudishe. Likaenda mbele kama lililotumwa.

Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo nikaelewa. Aliyetengeneza ule mkokoteni alikuwa ameigeuza ekseli juu chini, kwa sababu punda hajali, kisha mimi nikaja na brashi yangu nikalithibitisha kosa lake kwa maandishi. Ekseli ikipinduliwa, magurudumu yanazunguka kinyume.

"Lakini ngoja," jirani akasema, akifuta machozi. "Rivasi yako ndiyo yenye nguvu, na sasa inaenda mbele. Liache hivihivi. Jumapili mama anapanda kilima uso mbele, nani atajua?"

Sitawadanganya, nilishawishika. Ningebaki na hiyo rivasi tu ya kwenda mbele, nishuke kilima na kurudi nyumbani kwa mwendo wa kinyonga, lakini kilima kingepandwa. Nilikuwa bado nalipima wazo hilo, gari likiunguruma polepole kuja mbele, wakati mama mkwe alipotokea kwenye kona ya nyumba na fimbo yake.

"Linaenda mbele, mama," nikasema.

Aliinamisha kichwa akasikiliza. "Linaenda mbele na sauti ya kurudi nyuma. Hiyo sauti nimeisikia kwenye kilima tangu nikiwa msichana. Unataka kunidanganya, mkwe wangu?"

"Hapana, mama."

"Basi malizeni kazi. Nitangoja."

Akavuta kigoda, akakaa hapohapo na sufuria ya maharagwe ya kuchambua. Tuliiteremsha ekseli, tukaipindua, jirani akakata vile vikalio na kuvichomelea upya upande wa pili. Ilituchukua siku mbili, na siku zote mbili alikuwepo. Maharagwe aliyoyachambua yangelisha wilaya.

Jumapili alivaa kitambaa cheupe akakaa mbele, wima. Chini ya kilima, pale nilipozoea kuligeuza gari, sikuligeuza. Watu waliokuwa wakipanda kwa miguu walisimama kando wangoje kichekesho. Kwenye kona kali injini ikaanza kulegea. Nikavuta mkono mpya ulio kando ya kiti, ule wa kubadilishia gia za ekseli, chini yetu kitu kikaingia mahali pake kwa mlio mdogo, na gari likatulia, likapanda kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Mama mkwe hakunitazama. Alikuwa akisalimia watu, kushoto na kulia, kwa mkono mmoja.

Juu kabisa nikasimamisha gari mlangoni pa kanisa. Nikazunguka nimfungulie mlango. Hakushuka.

"Mama, tumefika."

"Nimeona." Alikuwa akiangalia kule tulikotoka, ambako kina mama wa kwaya walikuwa ndio kwanza wanafika chini ya kilima, mbali, wakijipanga na sare zao. "Hao hawakuona chochote. Shuka kilima, upande tena."

Tulipanda tena. Ibada ilianza bila sisi.